Tatizo la Kubadilisha Istilahi za Takwimu za Chakula: Uhakiki wa Utaratibu wa FoodOn

UTANGULIZI

Waundaji wa istilahi wamezoea kuulizwa swali moja: dhana hii ngeni tuiiteje kwa Kiswahili? Katika makala haya tunakusudia kuchunguza swali la pili, ambalo huulizwa mara chache ingawa uzito wake si mdogo. Istilahi ikiisha kukubaliwa na kutumika, kisha ikaonekana kwamba yapasa kubadilishwa, ibadilishwe kwa utaratibu gani ili maandishi yaliyotangulia yasipotewe na maana yake?

Uwanja tuliouchagua ni ule wa takwimu za chakula. Takwimu hizi huanza kama maneno ya watu majumbani na sokoni, hugeuzwa kuwa namba katika ofisi na maabara, na mwishowe huwarudia watu hao hao zikiwa mipango ya lishe, bajeti za halmashauri na masomo ya shule. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba watoto 34 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka 5 nchini Tanzania walikuwa wamedumaa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 30. Kwa taifa lenye mamilioni ya watoto, tofauti hiyo ni kubwa. Lakini kwa mtafiti anayetaka kujua ni chakula gani kilichochangia, tofauti hiyo ni nyembamba. Hana budi kulinganisha kumbukumbu za miaka mbalimbali, na ikiwa maneno yaliyotumika mwaka mmoja hayana maana ile ile katika mwaka mwingine, ulinganisho wake utakuwa wa maneno matupu.

Ili hoja zetu zisielee hewani, tutalitazama jambo hili kutoka Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje katika Mkoa wa Songwe. Mji huu wafaa kwa kazi hiyo. Ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi, na kivuko cha Isongole chaelekea Chitipa. Katika mkoa huo huo upo mji wa Tunduma, lango la kwenda Zambia. Wilayani husikika Kindali, Kilambya, Kinyiha na Kimalila pamoja na Kiswahili. Kwa hiyo afisa lishe anayejaza fomu mahali kama hapo huandika kwa Kiswahili habari ambazo huenda amezisikia kwa Kindali, kuhusu chakula ambacho huenda kimetoka nchi nyingine, akijua kwamba fomu hiyo itasomwa na mtu ambaye hajawahi kufika Ileje. Tatizo la istilahi laonekana hapo wazi kuliko katika chumba cha mikutano.

ONTOLOJIA NA ORODHA YA ISTILAHI

Yafaa kwanza tueleze chombo tunachokihakiki. Orodha ya istilahi, kwa mfano wa vijitabu vya Tafsiri Sanifu ambavyo Baraza la Kiswahili la Taifa lilianza kuvitoa katika miaka ya 1970, hulinganisha neno na neno. Kamusi hulinganisha neno na maana. Ontolojia, kwa matumizi ya leo katika sayansi ya habari, huanza na dhana yenyewe. Kila dhana hupewa namba yake ya kudumu, kisha huelezwa uhusiano wake na dhana nyingine: dona ni aina ya unga wa mahindi; unga wa mahindi hutokana na punje; punje ni sehemu ya mmea fulani; punje hizo zimesagwa bila kukobolewa. Maneno ya lugha mbalimbali hufungwa kwenye namba hiyo kama lebo. Mtafiti anapohifadhi matokeo ya maabara au majibu ya kaya, hubandika namba ya dhana juu ya kila kipande cha data, na kompyuta yoyote inayoifahamu ontolojia hiyo huweza kujua ni chakula gani kinachosemwa.

Kazi ya namna hii haikuzuka jana. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilianza kutunga mfumo wa kueleza vyakula kwa vipengele, ambao baadaye uliitwa LanguaL. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha AGROVOC, hazina ya istilahi za kilimo na chakula ambayo leo imo katika lugha zaidi ya 40, Kiswahili kikiwa miongoni mwake. Mwaka 1984 ulianzishwa mtandao wa INFOODS unaosimamia viwango vya data za virutubisho. FoodOn, ambayo ndiyo hasa tunayoihakiki, ilielezwa na waundaji wake katika jarida la kisayansi mwaka 2018. Ilijengwa juu ya msingi wa LanguaL, na inaendelea kukua.

AINA NNE ZA MABADILIKO

Watu wengi hudhani kwamba kubadilisha istilahi ni tendo moja. Tukichunguza mifano tutaona kwamba ni matendo manne yaliyo tofauti, na kila moja lataka matibabu yake.

Aina ya kwanza: jina hubadilika, kitu hubaki. Nyanya iliitwa na Linnaeus mwaka 1753 Solanum lycopersicum. Mwaka 1768 Miller aliiita Lycopersicon esculentum, na jina hilo likatawala vitabu kwa miaka mingi. Siku hizi wataalamu wengi wa mimea wamelirudia jina la Linnaeus. Katika safari yote hiyo nyanya haikubadilika hata chembe. Watumishi wa serikali wanao mfano ulio karibu zaidi. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2016 Ileje ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mbeya. Mwaka huo ukaundwa Mkoa wa Songwe, na Ileje ikahamia huko bila kuhama. Uchunguzi wa mwaka 2015–16 ulihesabu mikoa 25 ya Tanzania Bara. Ule wa mwaka 2022 ukahesabu 26. Mtu akilinganisha Mbeya ya uchunguzi wa kwanza na Mbeya ya uchunguzi wa pili bila kukumbuka jambo hilo, atakuwa analinganisha mahali pawili penye jina moja, na watoto wa Itumba watakuwa wamehesabiwa upande mmoja na kukosekana upande wa pili.

Aina ya pili: kitu hubadilika, jina hubaki. Hii ni ya hatari zaidi kwa sababu haionekani. Kwa kanuni za mwaka 2011, Tanzania iliamuru uongezaji wa virutubisho katika unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula unaofanywa viwandani. Tangu hapo sembe ya kiwandani iliyoongezwa madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12 si chakula kile kile, kwa macho ya mwanalishe, na sembe iliyokobolewa na kusagwa katika mashine ya kijijini. Hata hivyo zote mbili huitwa sembe, na fomu ikiandikwa “ugali wa sembe” haituambii ni ipi. Kabla ya mwaka 2011 maneno hayo yalitosha. Baada yake hayatoshi, na neno lenyewe halikutoa taarifa yoyote kwamba limepungukiwa.

Kipimo nacho huweza kubadilika vivyo hivyo. Zamani mikrogramu 6 za beta-karotini iliyomo katika chakula zilihesabiwa kuwa sawa na mikrogramu 1 ya retinoli. Mwaka 2001 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza zihesabiwe 12. Kwa kuwa vitamini A ya mboga za majani hutokana na karotini, fungu moja la mchicha lilipoteza nusu ya vitamini A yake katika majedwali yaliyofuata kipimo kipya, ingawa bustanini halikupoteza kitu. INFOODS ilitenda vema hapa: badala ya kukigeuza kitambulisho cha zamani, iliacha VITA kwa kipimo cha kale na kuweka VITA_RAE kwa kipimo kipya. Anayesoma jedwali aweza kujua ni hesabu ipi iliyotumika.

Aina ya tatu: dhana moja hupasuka kuwa kadhaa. Mfano bora ni dagaa. Kwa Kiswahili cha kila siku dagaa ni samaki wadogo wanaoanikwa na kuliwa wazima. Lakini dagaa wa Ziwa Victoria ni Rastrineobola argentea. Wa Ziwa Tanganyika ni Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Wa Ziwa Nyasa, ambao wengi huwaita usipa, ni Engraulicypris sardella. Na wengi wa dagaa wa baharini ni wa ukoo mwingine kabisa. Sokoni Tunduma mtu aweza pia kusikia neno kapenta kutoka Zambia, ambalo hutaja dagaa wa jamii ya wale wa Tanganyika. Mtaalamu wa samaki atataka dhana hizi zitenganishwe, na ana haki. Lakini fomu elfu moja za zamani zilizoandikwa “dagaa” tu zitapewa namba ipi?

Aina ya nne: neno moja la sifa hubebeshwa maana nyingi. Neno lishe, likifuata jina la chakula, limekuwa alama ya ubora. Viazi lishe ni viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, na sifa yao ni karotini. Maharage lishe ni yale yaliyozalishwa kwa kuongezewa madini ya chuma na zinki. Mahindi lishe yalianza kuwa yale yenye protini bora, yaani yenye asidi za amino za laisini na triptofani kwa wingi zaidi. Na unga wa lishe ni mchanganyiko wa nafaka na vitu vingine kwa ajili ya uji wa watoto, ambao huenda usiwe na sifa hata moja kati ya hizo tatu. Kwa mzazi neno hili ni zuri na linavutia. Kwa mwenye kuhifadhi data ni mtego, maana litampeleka aamini kwamba vyakula vinne vina kitu kimoja ilhali kila kimoja kina chake.

SIFA ZA UTARATIBU WA FOODON

Baada ya kuona aina hizo za mabadiliko, sasa twaweza kuuhakiki utaratibu wa FoodOn kwa haki. Sehemu kubwa ya utaratibu huo si yake peke yake, bali ni kanuni za umoja wa ontolojia za sayansi ya uhai uitwao OBO, ambao FoodOn ni mwanachama wake.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba namba ikiisha kupewa dhana, haipewi dhana nyingine kamwe. Namba ya FoodOn ina tarakimu 8 ambazo zenyewe hazisemi lolote juu ya chakula, na huko kunyamaza ndiko nguvu yake. Jina laweza kusahihishwa tahajia, laweza kubadilishwa au kuongezewa visawe, na namba ikabaki pale pale. Kwa mabadiliko ya aina ya kwanza, kama yale ya nyanya, dawa hii yatosha.

Sifa ya pili ni kwamba dhana iliyoachwa haifutwi, bali hustaafishwa. Hubaki katika ontolojia ikiwa na alama ya kuonyesha kwamba haitumiki tena. Mtu akiikuta katika kumbukumbu ya zamani ataweza kuifungua na kusoma ilikuwa na maana gani. Aidha, kama dhana hiyo inaye mrithi kamili, namba ya mrithi huandikwa kando yake, na kompyuta huweza kuzihamisha data bila kuuliza. Kama mrithi kamili hayupo, huwekwa dhana za kufikiriwa, na uamuzi huachwa kwa binadamu.

Sifa ya tatu ni kwamba matoleo yana tarehe na huhifadhiwa. Mtafiti aweza kusema ametumia toleo fulani, na mwingine akalipata toleo hilo hilo baada ya miaka. Sifa ya nne ni uwazi: ombi la kuongeza au kubadilisha dhana huletwa hadharani, hujadiliwa hadharani, na yeyote mwenye hoja aweza kuisema.

Tukiulinganisha utaratibu huu na desturi za uchapishaji wa vitabu, ambamo toleo jipya hulifukuza la zamani bila maelezo, hapana budi tukiri kwamba ni hatua kubwa mbele.

KASORO ZAKE

Hata hivyo tunaona kasoro tatu ambazo msomaji wa Kiswahili hapaswi kuzifumbia macho.

Kasoro ya kwanza yahusu kupasuka kwa dhana. Utaratibu wa mrithi hufanya kazi barabara pale mrithi anapokuwa mmoja. Dhana ikipasuka mara nne kama dagaa, hakuna mrithi kamili, na mwenye data huachiwa orodha ya dhana za kufikiriwa. Afisa aliyepo leo Itumba hawezi kujua mwenzake aliyejaza fomu miaka 15 iliyopita alimaanisha usipa wa Nyasa au dagaa wa Victoria waliokuja kwa lori. Kishawishi ni kukisia: kwa kuwa Ileje ni jirani ya Ziwa Nyasa, basi na ziandikwe zote usipa. Tendo hilo laonekana la busara, lakini lina ubaya usiotibika, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayeweza kutofautisha lililosemwa na lililokisiwa. Maoni yetu ni kwamba dhana pana yenye matumizi ya kweli katika lugha haipaswi kustaafishwa inapopata watoto. Ibaki kama mzazi, na data za zamani zibaki kwake. Kumbukumbu isiyo na undani ni afadhali kuliko kumbukumbu yenye undani wa uongo.

Kasoro ya pili ni ya lugha. Lebo kuu za FoodOn ni za Kiingereza, na majadiliano ya mabadiliko huendeshwa kwa Kiingereza. Mlango uko wazi, lakini kizingiti chake ni kirefu kwa mtumishi wa wilaya. Ubaya zaidi ni kwamba dhana zenyewe huelekea kukatwa kwa kisu cha jiko la Waingereza, kisha sisi tuambiwe tutie lebo za Kiswahili juu ya vipande vilivyokwisha kukatwa. Katika maandishi mengi ya Kiingereza ugali huitwa uji mzito. Kwa Mswahili hayo ni makosa ya dhana: uji hunywewa na ugali huliwa; uji hauhitaji kitoweo na ugali hauliwi bila kitoweo; na kiasi cha maji kilichomo ni tofauti sana, hivyo nguvu ya gramu 100 za kimoja si nguvu ya gramu 100 za kingine. Vivyo hivyo ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki huandikwa mara nyingi kwa jina la Kiingereza linalostahili mikono ya tembo, ingawa mimea hiyo ni ya makundi tofauti. Lebo ya Kiswahili ikibandikwa juu ya kosa hilo haitalisahihisha, italihalalisha.

Kasoro ya tatu ni kwamba sababu ya badiliko haipewi nafasi sawa na badiliko lenyewe. Alama ya kustaafu na namba ya mrithi huonekana upesi. Kwa nini dhana ilistaafishwa, nani alipinga na kwa hoja gani, mara nyingi hayo yapasa kutafutwa katika majadiliano marefu. Kwa mtafsiri sababu ndiyo inayofaa kuliko yote, maana ndiyo inayomwambia iwapo na istilahi ya Kiswahili yapaswa kubadilika pamoja nayo au la.

DESTURI ZA KISWAHILI

Haitakuwa haki kuhakiki kazi ya wengine tukaiacha hali ya lugha yetu. Uundaji wa istilahi za Kiswahili umepiga hatua kubwa tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Lakini orodha zetu, kwa jumla, zimepangwa kwa neno la Kiingereza kuwa ufunguo, na istilahi ya Kiswahili kuwa jibu. Mpango huo hauna mahali pa kuandika kwamba jibu limebadilika. Neno jipya likija, la zamani hubaki likiishi katika vitabu vya shule, mabango ya zahanati na vinywa vya walimu, bila yeyote kuambiwa kwamba maana zimeachana.

Tuchukue neno wanga. Kwa muda mrefu limetumika kwa kundi zima la vyakula vya kutia nguvu, na pia kwa kemikali moja iliyomo katika kundi hilo. Baadaye kabohaidreti ililetwa kuchukua maana pana, ili wanga ibaki na maana finyu. Utengano huo ni mzuri. Lakini ukisoma taarifa iliyoandikwa “kaya hii hula wanga kwa wingi”, huwezi kujua kama imeandikwa kabla ya utengano au baada yake, au na mtu ambaye utengano haujamfikia. Neno utapiamlo nalo limesafiri. Wengi walilielewa kuwa upungufu wa chakula mwilini. Wanalishe wa leo hulitumia pia kwa unene uliopindukia, kwa kuwa nao ni lishe mbaya. Mwalimu anayefundisha maana ya kwanza na daktari anayetumia maana ya pili huweza kuongea kwa saa nzima wasijue kwamba hawaongei jambo moja.

Majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na shule ya afya ya umma ya Chuo Kikuu cha Harvard, ni kazi ya kuheshimiwa, na bado hutegemewa. Lakini lugha yake kuu ni Kiingereza, na kwa hiyo mpangilio wa dhana zake ulianza kwa Kiingereza. Kenya ilitoa majedwali yake mapya mwaka 2018 na Malawi mwaka 2019. Kwa mji kama Itumba nchi mbili kati ya hizo hukutana mtoni. Unga ambao upande huu huitwa dona, upande wa pili huitwa mgaiwa. Hapa ontolojia huonyesha faida yake bila ubishi: dhana ni moja, lebo ni mbili, na namba moja yatosha kuziunganisha. Kazi ambayo tafsiri ya Kiingereza ingeifanya kwa kuzunguka, namba ingeifanya moja kwa moja, na maneno yote mawili yangebaki na heshima yake.

Yupo atakayesema kwamba utaratibu wa namba na kustaafisha ni mzigo kwa lugha ambayo bado inatafuta istilahi za kutosha. Kwamba tukusanye maneno kwanza, usimamizi utafuata. Hoja hii ina uzito, kwani rasilimali ni chache. Lakini twaona kwamba imegeuza mambo. Kusafisha baadaye ni ghali kuliko kuweka utaratibu mapema, na kuna uharibifu ambao hausafishiki kwa gharama yoyote, kama ule wa fomu za dagaa zilizokisiwa. Lugha inayounda istilahi kwa kasi ndiyo hasa inayobadilisha istilahi kwa kasi, na kwa hiyo ndiyo inayohitaji kumbukumbu ya mabadiliko kuliko zile zilizotulia.

MAPENDEKEZO

Kutokana na uchunguzi huu tunapendekeza mambo yafuatayo yafikiriwe na wote wanaohusika na istilahi za chakula na lishe.

(a) Kila dhana katika orodha ya istilahi ipewe namba ya kudumu, na namba hiyo isipewe dhana nyingine hata kama istilahi yake imeachwa.

(b) Istilahi iliyoachwa isiondolewe katika orodha. Ichapishwe pamoja na mwaka ilipoachwa, sababu ya kuachwa, na istilahi inayoirithi. Sababu iandikwe hapo hapo, hata kwa sentensi moja.

(c) Dhana ikipasuka, mzazi abaki. Dhana mpya zipewe namba mpya, na kumbukumbu za zamani zibaki kwa mzazi isipokuwa upo ushahidi wa maandishi wa kuzihamisha.

(d) Kitu kikibadilika na jina likabaki, kama sembe baada ya mwaka 2011, dhana mpya iundwe, na jina la kawaida lipewe kivumishi cha kutofautisha. Twaona “sembe iliyoongezwa virutubisho” na “sembe isiyoongezwa” yafaa, ingawa ni marefu, kwa sababu husema yanachomaanisha.

(e) Neno lishe lisisimame peke yake katika data. Kirutubisho chenyewe kitajwe: viazi vyenye karotini, maharage yenye chuma na zinki, mahindi yenye protini bora. Majina ya sokoni yabaki sokoni, ambako yanafanya kazi yake vizuri.

(f) Mwenye kujaza fomu aandike neno lililosemwa na mhojiwa kama lilivyosemwa, pamoja na lugha yake, kando ya namba ya dhana. Likiwa ni la Kindali liandikwe kwa Kindali. Namba yaweza kusahihishwa baadaye ikiwa neno lipo. Neno likipotea, hakuna wa kuisahihisha namba.

(g) Kila chapisho la robo mwaka la istilahi liwe na ukurasa wa mabadiliko, ili mtafsiri, mwalimu na mtumishi wa serikali wajue kwa pamoja ni nini kilichohama na kimehamia wapi.

Katika hayo yote pendekezo la (f) ndilo tunalolitilia mkazo zaidi. Mengine yote husimamiwa na wataalamu, na yaweza kuanza lini wataalamu watakapokubaliana. Hili moja lategemea safu moja ya ziada katika karatasi na dakika moja ya afisa, na laweza kuanza sasa. Tena ndilo linalompa mtu wa Itumba sauti katika ontolojia iliyotungwa mbali naye. Neno lake likihifadhiwa, siku moja litawalazimisha waundaji wa dhana kuona kwamba wamekata vibaya.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba kubadilisha istilahi ya takwimu si kubadilisha neno tu, bali ni kugusa ushahidi uliokwisha kutolewa. FoodOn imetufundisha kwamba dhana yaweza kustaafu bila kufutwa, na kwamba namba isiyo na maana yenyewe yaweza kulinda maana ya mengi. Sisi nasi tunalo la kuifundisha: kwamba neno pana la watu, kama dagaa, si kosa linalosubiri kusahihishwa na mtaalamu, bali ni kumbukumbu ya kweli ya kile kilichojulikana wakati kiliposemwa. Taarifa ya zamani ilisema kile ilichosema. Wajibu wa wasimamizi wa istilahi, wawe Kanada au Dar es Salaam, ni kuhakikisha kwamba hakuna badiliko litakaloifanya iseme kingine.